Aniceti Kitereza wa Kagunguli na wanyonge wa nyumbani

Safari hii tunavuka ziwa hadi Ukerewe. Anayetoka Mwanza kwa meli hutua Nansio, na kutoka Nansio barabara huenda hadi Kagunguli, kwenye misheni ya zamani ya Mapadre Weupe. Hapo Kagunguli aliishi mzee mmoja aliyeandika kitabu kinene kuliko vingi tulivyo navyo katika fasihi ya nchi yetu. Alikimaliza mwaka 1945. Kilichapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Jina lake ni Aniceti Kitereza.

Waseminari wengi wanalijua jina hilo kama jibu la swali la mtihani: riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali iliandikwa na nani? Wakishajibu hapo, hawaendi mbele. Sisi tumeona twende mbele kidogo kwa sababu moja. Kila tunapojadili fasihi na watu wanaoonewa, mifano yetu huwa ni ile ile: mtumwa na bwana wake, mkulima na mkoloni, kibarua na tajiri. Mifano hiyo ni ya kweli na haichoki kuwa ya kweli. Lakini kuna uonevu usio na bwana mwenye kiboko. Hufanyika uani, jioni, kwa maneno ya shangazi na wifi, na anayeonewa hana mahali pa kushitaki kwa sababu wanaomwonea ni ndugu. Kitereza aliandika kitabu kizima juu ya uonevu wa namna hiyo, na yeye mwenyewe aliujua.

Alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa Wasilanga, ukoo uliotawala Ukerewe. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Mtu akisikia mjukuu wa mfalme atafikiri juu ya raha, lakini tuangalie miaka yenyewe. Desemba 1877, katika enzi ya Omukama Rukonge, wamisionari wawili wa Kianglikana, Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo, na tangu hapo jina la Ukerewe likaandikwa kwa wino mweusi katika barua za Wazungu. Miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe kandokando ya ziwa, na ndui nayo ilikuwa ikipita vijijini. Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Rukonge na kumkalisha Mukaka kwenye kiti chake. Kitereza akazaliwa mwaka uliofuata, mtoto wa ukoo ambao enzi yao ilikuwa imeshavunjwa mgongo. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na mtoto yatima akalelewa kwa Omukama Mukaka, ndugu yao.

Huko kwenye boma la mfalme alisikia mambo ambayo baadaye yangekuwa mali yake yote: hadithi, methali, majina ya miti na dawa, utaratibu wa posa na mazishi, namna ya kuwasalimu wakwe. Mtoto wa boma huketi karibu na wazee na kunyamaza. Tunaweza kusema kwamba seminari yake ya kwanza ilikuwa hiyo.

Kisha wakaja Mapadre. Alibatizwa na kusoma kwenye misheni ya Kagunguli, akapewa jina la Aniceti. Jina hilo ni la Papa wa karne ya 2, yule aliyetembelewa na Mtakatifu Polikarpo, mzee wa Smirna, wakajadiliana juu ya tarehe ya Pasaka wasikubaliane, kisha wakaagana kwa amani, kila mmoja akabaki na desturi yake. Hatujui kama padre aliyembatiza alilifikiria hilo, na huenda lilikuwa jina tu la kalenda. Lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote alishika imani mpya mkono mmoja na desturi za babu zake mkono mwingine, wala asiache zote mbili zigombane, tunaona jina lilimfaa.

Mwaka 1909 alipelekwa Rubya, seminari ya Mapadre Weupe katika nchi ya Wahaya, ng'ambo ya pili ya ziwa. Alikaa huko miaka kumi hivi. Kwa kijana wa Ukerewe Rubya haikuwa ugenini kabisa, maana Kikerewe na Kihaya ni ndugu wa karibu, na mtu wa upande mmoja humsikia wa upande wa pili bila kuhangaika sana. Kilichokuwa kigeni ni Kilatini. Alikisoma, akasoma Kijerumani, lugha ya serikali ya wakati huo, na akazoea kuandika Kiswahili. Wanaosoma Kilatini leo wakilalamika, wakumbuke kwamba vijana wale walikisoma wakati vita vya Wazungu vikipiganwa ziwani kwao. Mwaka 1916 Waingereza walikiteka kisiwa cha Ukerewe kutoka kwa Wajerumani, naye akiwa bado mseminari. Mwaka 1917, vita bado havijaisha, mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipewa daraja. Kwa hiyo kizazi chake kiliona kwa macho kwamba Mwafrika anaweza kusimama altareni kama padre. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa ni ahadi.

Kitereza hakufika altareni. Mwaka 1919 aliondoka akarudi duniani, kama tunavyosema, akamwoa Anna.

Hapa tunaomba kusimama kidogo. Katika nyumba zetu za malezi, aliyeondoka husemwa kwa sauti ya chini. Picha yake hubaki ukutani katika picha ya darasa, lakini jina lake halitajwi mezani. Wakati mwingine wazazi wake huona haya kwenda jumuiya. Rubya ilitoa mapadre, ikatoa hata Kardinali Laurean Rugambwa, aliyesoma pale miaka ya baadaye, na ni haki kujivunia hayo. Lakini Rubya hiyo hiyo ilitoa mlei mmoja aliyekwenda nyumbani na kalamu iliyonolewa kwa miaka kumi, na Kanisa la Ukerewe lilimtumia. Sisi hatuoni kwamba wito wake ulipotea njiani.

Baada ya kuoa alifanya kazi Mwanza kwa wafanyabiashara wa Kitaliano. Mji wa Mwanza wa siku zile ulikuwa mji wa pamba na ngozi, reli na bandari, na mtu anayejua lugha nyingi na hesabu alikuwa na nafasi yake. Vita Kuu ya Pili ikaivunja kazi hiyo, na mwenzetu akarudi Kagunguli, akawatumikia Mapadre kwa kufasiri, kuandika na kufundisha. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na cheo chochote cha kutisha.

Na nyumbani mwake hamkuwa na mtoto. Yeye na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja wa kuwalea uzeeni. Msomaji wa kanda ya ziwa hahitaji kuelezwa maana yake. Mwanamume wa ukoo wa watemi, asiye na mrithi, kwa desturi angeoa mke wa pili, wa tatu, hata apate. Hakuna mzee wa ukoo ambaye angemlaumu, na wengi wangemsukuma. Hakuoa. Alibaki na Anna. Wapo watakaosema aliifuata sheria ya Kanisa, na ni kweli. Lakini sheria peke yake haimfanyi mtu avumilie nusu karne. Alimpenda mkewe, na kitabu chake kinatufundisha namna alivyompenda, ingawa hakijitaji humo yeye wala Anna.

Tuje basi kwenye kitabu. Kagunguli alikuwapo padre Mkanada, Almas Simard. Padre huyu alikuwa na wasiwasi ambao wamisionari wengi hawakuwa nao: aliona desturi za Wakerewe zinasahaulika, na vijana waliotoka shule hawajui tena kilichokuwa kikifanywa na babu zao. Alimhimiza Kitereza aandike. Ushauri wake ulikuwa wa busara. Orodha ya mila, ya kwanza hivi, ya pili vile, haisomwi na mtu. Afadhali mila zipewe watu wa kuziishi, zitembee, zigombane, zioane. Kitereza akalichukua hilo akatengeneza mume na mke, akawaweka katika Ukerewe ya kabla ya Wazungu, akaandika kwa Kikerewe.

Mume ni Myombekere, mke ni Bugonoka. Hawana mtoto. Hilo ndilo jambo lote, na kwalo kitabu kinaanza kusogea. Ndugu wa mume wameanza kusema. Wanamtukana Bugonoka, wanamshauri Myombekere amwache au aoe mwingine. Hatimaye wazazi wa Bugonoka wanasikia namna binti yao anavyotendwa, baba anakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moshi. Tunawaomba wanaume wanaosoma safu hii wazisome kurasa za mwanzo polepole: mtu mzima anayechota maji mwenyewe, anayepika mwenyewe, na jirani wanaona.

Anafanya nini? Angeweza kuoa mwingine, na ndivyo ndugu walivyotaka. Badala yake anafunga safari kwenda kwa wakwe kuomba mke wake. Anaulizwa maswali, anasikilizwa, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kisha Kitereza anatueleza namna pombe ile inavyotengenezwa, tangu ndizi hadi kibuyu, kwa kurasa nyingi hata msomaji wa sasa hukaribia kuruka. Tusiruke. Kila hatua ya pombe ile ni gharama ya mtu anayetaka kumwambia mke wake na ukweni wote kwamba heshima yake imevunjwa na sasa inajengwa upya. Katika jamii isiyo na mahakama ya kumtetea mwanamke aliyetukanwa, pombe ile ndiyo hukumu. Mwonewa analipwa mbele ya watu.

Ndipo wanapokwenda kwa mganga, Kibuguma, na dawa zinachemshwa, na siku zinahesabiwa. Hatimaye anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Majina haya yana uzito wake. La kwanza ni jina la mtu anayesema anaishi nacho, yaani kifo. La pili linauliza kitakwisha lini, yaani kilio. Wazazi waliopata watoto baada ya kungoja miaka hawakuwaita watoto wao Furaha wala Baraka. Waliwaita kwa hofu yao. Anayefahamu kwamba mwandishi mwenyewe hakubaki na mtoto hawezi kuyasoma majina hayo kama mapambo.

Kwa wasomaji wetu wa Biblia mfano wa karibu ni Hana, mama wa Samweli. Mke mwenza alimchokoza mwaka hadi mwaka kwa sababu tumbo lake lilikuwa limefungwa, na mumewe alimpenda, lakini upendo wa mume haukuziba midomo ya nyumbani. Akaenda hekaluni kulia. Na pale mlangoni alikuwa ameketi kuhani, Eli, ambaye alimwona midomo inacheza bila sauti akadhani amelewa. Mseminari asipite haraka kwenye mstari huo. Mtu wa kwanza wa Mungu aliyekutana na machozi yale aliyasoma vibaya, ndipo aliposahihishwa na mwanamke mwenyewe. Ni mara ngapi mama wa namna hiyo anakuja ofisini parokiani, na sisi tunamuuliza kama amelipa zaka?

Hali hiyo haijaisha. Maneno tasa na mgumba bado yanauma Nansio, Mwanza na kila mahali. Bado mwanamke ndiye wa kwanza kupelekwa hospitali na wa kwanza kupelekwa kwa mganga, hata pale tatizo liko kwa mume, na bado harusi ya Kanisa huonekana kwa ndugu wengine kama mkataba unaoweza kuvunjwa kimyakimya kwa mtoto wa nje. Katika jumuiya ndogo ndogo tunasali kwa ajili ya wasio na watoto, halafu tukitoka tunawaita mama fulani na baba fulani kwa majina ya watoto wao, na yule mmoja tunamwita kwa jina lake la ubatizo. Yeye hulisikia pengo hilo. Kitereza aliliona pengo kama hilo miaka themanini iliyopita na akaona linastahili riwaya.

Si wote waliokipokea kitabu kwa namna hiyo. Kilipotoka, nchi ilikuwa na Azimio la Arusha la 1967 masikioni, na uhakiki wetu wa fasihi ulikuwa ukiuliza kila kitabu swali moja: kiko upande wa tabaka gani? Kwa kipimo hicho Kitereza alionekana mtu wa nyuma. Mkoloni hayumo. Mapambano hayamo. Watu wanalima, wanavua, wanapika pombe, wanazikana. Kulinganisha ni rahisi. James Mbotela wa Freretown alikuwa ameandika juu ya watumwa na kukombolewa kwao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934. Shaaban Robert alikuwa ametoa Kusadikika mwaka 1951, ambamo mtu mmoja anasimama mbele ya watawala kujibu mashitaka. Na hapo hapo Ukerewe, kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari ya Nyegezi, na Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilimweka mbele yetu binti anayepondwa na ukali wa baba yake kisha na dunia. Kitabu hicho kiliwahi hata kuzuiwa mashuleni. Mbele ya hao Kitereza anaweza kuonekana mzee anayesimulia kando ya moto wakati nyumba inaungua.

Sisi tunaona tofauti. Ni kweli kwamba kitabu hakiishitaki enzi ya babu zake, na Ukerewe ya zamani haikuwa bustani ya Edeni. Wanahistoria wametuonyesha kwamba biashara ya masafa marefu ya karne ya 19 iliongeza utumwa kisiwani, na tuhuma za uchawi zikaongezeka nazo. Mjukuu wa Machunda angeweza kuyaandika hayo kwa kina zaidi kuliko mgeni yeyote, na anayemdai hilo ana haki ya kudai. Lakini Kezilahabi na Kitereza, ukiwasoma kwa pamoja, wanazungumza juu ya nyumba moja. Rosa anavunjwa na nyumba. Bugonoka alikuwa anavunjwa na nyumba, akaokolewa na mume aliyekubali kuonekana mjinga mbele ya ndugu zake. Riwaya ya kwanza inatuonyesha uonevu unavyoua, na ya pili inatuonyesha kazi iliyomo katika kuuzuia, siku kwa siku, kibuyu kwa kibuyu. Tunazihitaji zote mbili, ingawa ya pili inachosha zaidi. Si kitabu cha kusomwa kwenye daladala.

Turudi kwa mwandishi. Alipomaliza mwaka 1945 alikuwa na mswada mkubwa katika lugha ya watu wachache. Hapo likaanza jambo ambalo kwetu ni sehemu ya maisha ya wanyonge pia, ingawa hatulihesabu hivyo. Lugha nayo huwa maskini. Huketi mlangoni kwa wachapishaji na kuambiwa ingoje. Kikerewe hakikuwa na soko, wala shule zake, wala gazeti. Padre Simard alijaribu kuufungulia mswada ule njia kwa Kifaransa, lakini alifariki kazi haijaisha, na Kitereza akabaki na makaratasi yake. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963, na ukoo wake ukawa raia kama raia wengine. Kiswahili kikawa lugha ya taifa, jambo jema kabisa kwa umoja wetu, na kwa Kikerewe mlango ukazidi kuwa mdogo. Mzee akawa na miaka sabini na zaidi. Ugonjwa wa viungo ulimkamata, kutembea kukawa shida. Yeye na Anna waliishi maisha ya dhiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani, kwa utafiti wa historia. Kila walipouliza mambo ya kale walielekezwa kwa mzee wa Kagunguli. Walikuta mtu anayejua, na walikuta pia kwamba ana kitabu. Wakamtia moyo akifasiri kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho kilikuwa na wachapishaji. Tufikirie kazi hiyo. Mtu aliyezidi miaka sabini, mwenye maumivu mikononi na miguuni, anakaa chini na kuandika upya riwaya nzima katika lugha yake ya pili au ya tatu. Alifanya hivyo. Mswada wa Kiswahili ukaenda Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House, nao wakauchapisha mwaka 1980.

Msomaji makini wa Kiswahili chake ataona kwamba si Kiswahili cha pwani. Sentensi zinazunguka, maamkizi yanarudiwa, na Kikerewe kinachungulia kila mahali. Wapo walimu wanaoona hiyo ni kasoro. Sisi tukiwa watu wa ziwa tunasikia mzee anaongea, na hatungependa mhariri yeyote amnyoe.

Habari ya kifo chake tumekwisha kuigusa, na hakuna haja ya kuipamba. Kitabu kilikuwa tayari kimechapishwa, nakala zikachelewa kumfikia, na mwaka 1981 mzee akafariki akiwa na miaka themanini na mitano hivi. Alizikwa mtu ambaye wengi wa majirani zake walimjua kama mzee wa misheni mwenye kujua lugha na mambo ya kale.

Baada ya hapo kitabu kilisafiri mbali kuliko mwandishi. Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, kikatoka katika majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1991 na la pili mwaka 1993. Kifaransa nacho, ile ndoto ya Padre Simard, kikapatikana katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiingereza. Hiyo ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe, ambaye hakupitia Kiswahili. Alirudi kwenye mswada wa Kikerewe, ule wa 1945, akafasiri kutoka humo. Kwa hiyo makaratasi yaliyokataliwa kwa sababu ya lugha yao yalikuja kusomwa kwa sababu kulikuwa na Mkerewe mmoja aliyeendelea kuijua lugha hiyo.

Mafrateri wanaotafuta mada ya insha ya mwisho ya falsafa au ya teolojia ya kichungaji wanakaribishwa kuitazama riwaya hii. Ndoa, ugonjwa, uganga na ukwe vyote vimo, na kwa urefu wa kutosha kumfanya msimamizi wa insha alalamike. Kwa waamini wa Nansio, Kagunguli na parokia nyingine za kisiwani tuna ombi. Nakala za mwaka 1980 hazionekani kirahisi siku hizi. Kama nyumbani kwenu ipo moja, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, msiifungie vitumbua. Ipelekeni kwa paroko au kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, isomwe kwa zamu, na anayeisoma kwanza awe mwanamume aliyeoa.